Barua kwa Ami: gari lako limewaka, na injini ni ile ile

Ami,

Shikamoo. Ile sauti uliyonitumia Ramadhani bado ninayo kwenye simu: "Toa chuma hicho, tia injini ya Toyota, usijichoshe." Sikukujibu. Tungebishana, nawe ni mkubwa wangu. Leo nakujibu hapa hadharani, kwa sababu wako wengi mjini wenye gari la kale chini ya turubai wanaoambiwa maneno kama hayo.

Ijumaa iliyopita, baada ya Alasiri, Datsun 240Z yako iliwaka uani kwetu Tudor, Mombasa. Kwa injini yake yenyewe.

Kwanza ujue kilichoiua, maana habari uliyopelekewa Muscat haikuwa kweli. Uliambiwa injini imechoka. Haikuchoka. Fundi uliyemwachia alikuwa akijaza redieta maji ya kisima, na visima vya kisiwa hiki unavijua, hata chai hukataa maji yake. Bloku ya L24, injini ya gari hili, ni chuma cha kusubu, kichwa chake ni aluminiamu. Vitu hivyo viwili vikikaa pamoja ndani ya maji ya chumvi, aluminiamu ndiyo inayoliwa. Njia za maji kwenye kichwa zilikuwa zimemomonyoka hadi kwenye ukingo wa gasketi, maji yakapenya silinda ya 5 na ya 6, na gari likakaa hivyo miaka. Nilipokivua kichwa, pistoni mbili za nyuma zilikuwa zimegandana na kuta zake kwa kutu. Niliziloweka dizeli siku tisa ndipo zikakubali kugongwa zitoke. Ami, siku ile niliumia. Gari halikufa kwa uzee, lilikufa kwa kukosa kopo la kulenti, ile dawa ya redieta inayozuia kutu.

Karakana moja ya Changamwe ilichonga silinda zote sita kutoka milimita 83 hadi 84, tukaagiza pistoni na ringi za kipimo hicho. Kichwa kilichomelewa palipoliwa, kikasawazishwa uso. Kazi hiyo ilikula miezi na pesa, sitaki kuirudia hapa.

Kwa nini basi sikutia ya Toyota? Fungua boneti utazame kile kibati kilichopigiliwa ndani. Kina nambari ya gari na nambari ya injini, na ile ya injini ndiyo iliyogongwa ubavuni mwa bloku. Ningebadilisha injini, kibati kingekuwa kinasema uongo. Halafu kuna zile hadithi zako za barazani Kibokoni. Ulitusimulia mashindano ya magari ya Safari Rally ya 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller ndani ya gari kama hili, kisha 1973, Shekhar Mehta na Lofty Drews, waliolingana alama na Harry Källström hata ushindi ukaamuliwa kwa kanuni. Mimi nilikuwa mdogo, majina hayakunikaa. Kilichonikaa ni sauti uliyoiigiza kwa mdomo, silinda sita katika mstari mmoja zikipandisha. Toyota yangu hunipeleka kazini kila siku na sina neno nayo, ila sauti ile haina.

Kuirudisha injini garini kulituchukua siku nzima. Tawi la mkungu sikuliamini, nikamwomba mchomeleaji wa hapa mtaani aniungie mabomba matatu ya chuma yasimame juu ya pua ya gari, cheni tukaitundika hapo. Giaboksi tuliifunga kwenye injini ikiwa bado chini. Pleti ya klachi niliiweka katikati kwa kutumia shafti ya giaboksi bovu niliyoipata kwa muuza vyuma. Wengi hapa huipima kwa macho, shafti ikigoma kuingia wanaivuta kwa boliti, na pleti mpya inapinda kabla gari halijatembea.

Injini hii ni ndefu, kwa hiyo huingia ikiwa imeinama sana, mkia wa giaboksi chini, feni juu. Binamu alikaa kwenye cheni akishusha kidogo kidogo. Mimi nilikuwa chini ya gari, namwongoza kwa sauti, "shusha, simama, shusha". Kuna mahali sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, hupita karibu mno na chuma cha kushikia miguu ya mbele, na hapo nilishika pumzi kweli kweli. Boliti za maunti zilipoingia kwa vidole tu, bila spana, nilibaki nimelala pale nikisema alhamdulillahi.

Kisha nikakosea. Kwenye injini za aina ya L kama hii, shafti moja ndiyo inayozungusha pampu ya oili na distributa. Silinda ya 1 ikiwa juu kabisa kwenye mgandamizo, ulimi wa shafti hiyo utazamwe kutoka juu uwe kama mishale ya saa inayoonyesha 11:25, yaani mfupi umepita 11 na mrefu uko kwenye 5, na upande wake mwembamba uelekee mbele. Mimi niliiingiza ikiwa imeruka jino moja. Kupiga stata, moto ukatokea kwenye kabureta ya mbele kwa mlio wa bunduki, jirani akatoka mbio. Ilibidi nirudi chini, nimwage oili mpya, nivue pampu na kuanza tena. Ukimjua yeyote anayejenga injini hii, mpe habari ya saa hiyo kabla hajafunga pampu ya oili.

Mara ya pili tulichomoa plagi zote sita na kuzungusha kwa stata hadi mshale wa oili ukainuka. Tukarudisha plagi, nyaya kwa mpangilio wa 1-5-3-6-2-4, nikatia oili nyepesi ndani ya kofia za kabureta zote mbili. Iliwaka kabla stata haijamaliza mzunguko wa tatu. Sikuiacha inguruma polepole, kwa kuwa kamshafti na roka ni mpya, na kwa mwendo mdogo oili haizifikii vya kutosha. Niliishika kwenye mizunguko 2000 kwa dakika, muda wa dakika 20, feni ya sebuleni ikipuliza redieta, oili ikiwa ile yenye zinki, ya kulinda vyuma vipya visilane. Moshi mweupe ulijaa ua mzima, kisha ukapungua, kisha ukaisha. Mama alitoka jikoni na mikono yenye unga wa mahamri, akasimama mlangoni. Akasema, "Hiyo ndiyo gari ya shemeji."

Ikiwa bado ya moto nilipima nafasi za valvu, milimita 0.25 za kuingizia na 0.30 za kutolea. Oili ya kwanza nimeshaimwaga. Nimekata filta kwa msumeno nikaikunjua juani: hakuna vipande vya chuma.

Sasa naitembeza alfajiri tu, kabla ya malori, kwenda Mtwapa na kurudi, bila kuvuka mizunguko 3500. Ikifika kilomita 800 nitaibadilisha oili tena, na baada ya hapo itaruhusiwa kukimbia. Mimi sitaikimbiza. Ukija Disemba tutaondoka na njia ya Malindi, na wewe ndiye utakayekaa kwenye usukani.

Mwana wa kakako