Kaka, mtandao unasumbua

Ndugu Mhariri,

Naomba kanafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni. Jumatatu nilikwenda ofisi moja hapa Dar (jina nalihifadhi) kulipia kitu na kuchukua risiti, nikafika kaunta dada akaniambia kaka mtandao unasumbua, kaa pale subiri. Nikakaa. Masaa mawili kasoro, na muda wote huo simu yangu iko kwenye waifai ya ofisi hiyo hiyo naangalia magoli ya jana bila kukwama hata mara moja. Nikajua labda wageni wana laini yao, nikamuuliza kijana wa IT aliyekuwa anapita na waya begani, akacheka akasema laini ni moja tu bro.

Sasa mtandao unaosumbua ni upi?

Mimi ni fundi wa netiweki, maofisini nimekaa miaka kumi na kitu. Sikatai, kuna siku inakuwa kweli. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, zile nyaya zinazotuletea intaneti kutoka nje, ilikatika na nchi karibu nzima ikawa inasuasua, siku ile fundi yeyote alikuwa hana la kufanya zaidi ya kunywa chai. Lakini tangu hapo kila kitu kikikwama ni mkongo, hata sistimu ambayo seva yake (kompyuta kuu inayotunza data) ipo ghorofa ya juu hapo hapo kwenye jengo, ambayo haijawahi kupita baharini tangu inunuliwe.

Niwape kisa cha ofisi niliyokuwa mimi. Programu ya stoo ilikuwa inakufa kila asubuhi, ukibonyeza kutafuta bidhaa unaweza ukaenda kuchemsha maji ukarudi bado inazunguka. Bosi akasema intaneti ndogo, tukatoka kasi ya Mbps 20 tukaenda 50, ikawa vile vile, tukaenda 100, vile vile, na bili inapanda tu. Nikapiga pingi kwenye seva, yaani kuibishia hodi nione inaitika baada ya muda gani, jibu linarudi ndani ya milisekunde 1. Nikafungua grafu za MRTG, programu ya kuchora matumizi ya laini (kitu cha tangu 1995 hicho lakini bado kinafanya kazi), laini imejaa robo tu. Bosi akasema hizo grafu zako zinadanganya, na hapo alikuwa na kapointi kwa sababu zinasoma rauta kila baada ya dakika 5 halafu zinakupa wastani, laini ikijaa pomoni kwa sekunde 20 tu, kwenye grafu inasomeka kama asilimia 7 hivi na wewe unaona mambo safi.

Basi nikachukua laptop nikachomeka kwenye swichi ya seva, nikawasha Wireshark, programu ya kunasa data inayopita, nikaanza kutazama paketi zenyewe (vile vifurushi vidogo vya data) moja moja. Na hapa ndo ninapotaka mafundi wenzangu wasome vizuri: ombi la karani linafika, seva inaitikia "nimepokea" papo hapo, milisekunde 1, halafu kimya. Kimya sekunde 38! Ndo majibu yanatoka. Mtandao umeshafanya kazi yake zamani, anayechelewa ni seva mwenyewe kutafuta jibu kwenye databezi.

Kuangalia kwa nini, nikakuta bakapu (kunakili data ya akiba) inakimbia muda ule ule na diski imeelemewa. Fundi aliyeipanga alitaka saa tisa usiku watu wamelala, akaandika 09:00. Saa tatu asubuhi! Yaani kila siku kaunta zikifunguliwa na bakapu inaamka. Nikabadilisha ikawa 03:00, kesho yake programu inakimbia kama mpya, na ile Mbps 100 tukaendelea kuilipia mpaka mkataba ulipoisha.

Sasa wakubwa wa maofisi, hivi kweli inashindikana kupima? Zabbix, programu ya kufuatilia mitambo, ni ya bure, inakaa hata kwenye kompyuta iliyostaafu. Na msipime tu kama taa ya rauta ni ya kijani, pimeni yule karani akibonyeza anasubiri sekunde ngapi, saa tatu, saa sita, saa tisa, mtaona wenyewe pale inapopanda. Kuna bosi nilimshauri anunue mashine ya kuchunguza trafiki, yaani data inayopita kwenye laini, akaniambia basi inisomee wotsapu za wafanyakazi, nikamwambia mzee haisomi meseji, zimefungwa zile, inakuonyesha tu nani anatumia laini kiasi gani na inaelekea wapi. Akaghairi kununua. Na mafundi mnaofokewa kila siku mkiwa hamjapewa hata kifaa cha kujitetea, poleni, najua ilivyo.

Risiti yangu mpaka leo sijaipata. Dada wa kaunta kasema nirudi Alhamisi, mtandao ukitulia.

Fundi wa netiweki,
Tabata, Dar es Salaam