Wapiga udi watunze mikono yao

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na vijana wanaojifunza udi na kanuni, ala za nyuzi za taarab, hapa Unguja. Wengi huibana risha, yaani kibanzi cha kupigia nyuzi, kana kwamba itawaponyoka, kiwiko kikakakamaa na kifundo cha mkono kikaanza kuuma, ilhali mpigo mzuri wa udi hutoka katika kifundo kilicholegea. Mpiga kanuni naye asizikaze mno pete zinazoshikilia risha katika vidole vyake vya shahada, kwani zikizuia damu vidole hufa ganzi. Maumivu yakianza, apumzike. Kuendelea kwa ubishi (nami nilikuwa mbishi) ni kujiumiza. Kuhusu vipande vya kujifunzia, nashauri aanze na bashraf, muziki wa ala tupu unaofungulia taarab asilia, kwa kuwa mwendo wake wa taratibu huipa mikono muda wa kuchangamka.

Mpiga udi wa zamani,
Unguja