Swichi chakavu ndo imejipa ubosi kwenye steki yako? Irekebishe hivi

Wateja wetu wengi wakishaunganisha swichi zao za mtandao na zile kebo za steki nyuma (steki ni swichi kadhaa zinazofanya kazi kama moja, chini ya kiongozi mmoja), taa zikawaka kijani, basi, wanahesabu kazi imeisha. Halafu siku moja umeme unakatika, unarudi, na swichi ya zamani kuliko zote ndo inaamka kiongozi.

Wala sio ubovu. Swichi za Cisco Catalyst 9300 zinatoka kiwandani zote zina kipaumbele 1, sasa zikiwa sawa inaangaliwa iliyowahi kuwaka, na hapo zikifungana tena anachukua mwenye anwani ya MAC ndogo (namba ya utambulisho ya kila kifaa cha mtandao), ambayo mara nyingi ni ile kongwe. Yaani usipochagua wewe, zinachaguana zenyewe.

Chomeka kebo ya konsoli (ya kuiamrisha swichi kutoka kwenye kompyuta), ingia enable (hali ya amri za msimamizi), kwanza angalia nani ni nani:

show switch

Utaona Active (kiongozi), Standby (msaidizi) na Member (mwanachama wa kawaida), kila moja na namba yake. Tuseme unataka namba 1 iongoze na namba 2 iwe msaidizi:

switch 1 priority 15
switch 2 priority 14

15 ndo mwisho. Itakuuliza kama unaendelea, kubali. Usiziandike ndani ya configure terminal (hali ya kubadili mipangilio), hiyo ilikuwa kwenye Catalyst 3750 za zamani na ndo inachanganya mafundi wengi, wanapata eror wanadhani swichi imekufa.

Sasa hapa ndo tunapopigiwa simu sana: "nimeweka 15 mbona haijabadilika?" Haibadiliki papo hapo, kiongozi aliyepo hanyang'anywi kiti akiwa kazini hata ukimzidi kipaumbele, mpaka uchaguzi mwingine uitishwe. Kwa hiyo andika write memory (kuhifadhi), halafu reload (kuwasha upya), ila ujue steki nzima inazima na ofisi yote inakosa mtandao kwa dakika kadhaa, fanya usiku bwana. Na kama unaziwasha kwa mkono ziwashe zote ndani ya sekunde 120, itakayochelewa haiingii kwenye uchaguzi hata kama ina 15 yake.

Kitu kingine, ukiongeza swichi mpya iunganishe ikiwa imezimwa. Ikiwa inawaka nayo inajiona kiongozi, wanakuwa wawili, wanashindanishwa na upande ulioshindwa unajizima na kuwaka upya, na unaweza kuwa ni upande wenye watu kazini.

Ukikwama tutumie picha ya show switch kabla hujafanya reload, tutakwambia kipi kigeuzwe.