Kwa nini ankara za Machi na Mei ziliangukia spamu

Wateja wetu,

Februari ankara zenu zilifika bila shida. Ilipoingia Machi, simu zikaanza: "Mteja wangu anasema hajaona kitu." Aprili kimya. Mei, simu tena. Tuliisingizia intaneti, tukaisingizia seva, kumbe kosa ni letu wenyewe. Tunaomba radhi.

Mwanzoni mwa mwaka tuliugeuza mfumo mzima wa ankara uwe wa Kiswahili, tarehe nazo zikiwemo. Hatukukumbuka kwamba kila barua pepe ina tarehe nyingine msiyoiona, kwenye mstari wa Date kichwani mwake. Huo husomwa na mashine. Kanuni ya barua pepe, RFC 5322 ya mwaka 2008, inataka mwezi uandikwe kwa herufi tatu za Kiingereza: Mar, May, Aug, Oct, Dec. Programu yetu, kwa utiifu wake, ikawa inaandika Mac, Mei, Ago, Okt, Des.

Sasa tazama miezi iliyobaki: Jan, Feb, Apr, Jun, Jul, Sep, Nov. Kifupi ni kilekile kwa lugha zote mbili! Ndiyo maana hitilafu ilizuka na kujificha. Laiti tungeweka na jina la siku, ambalo kanuni hailazimishi, tungeumbuka siku ya kwanza, maana majina ya siku hayafanani kwa lugha hizo mbili.

Barua yenye "5 Mac" baadhi ya vichujio huitilia shaka na kuitupa kwenye spamu. Kuna programu zinazoipeleka hadi 1 Januari 1970, kompyuta nyingi zinakoanzia kuhesabu saa, ikazama chini kabisa ya kisanduku.

Tulipokuwa tunachimba tukakuta na la pili. Seva iliandika 14:30, saa yetu ya nane na nusu mchana, lakini ikaweka +0000 (saa ya kimataifa, UTC) badala ya +0300 (saa ya Afrika Mashariki). Kwa mpokeaji, barua hiyo imeandikwa saa kumi na moja na nusu jioni, yaani saa tatu mbele, wakati ambao bado haujafika. SpamAssassin, programu ya kuchuja spamu, ina kanuni mahsusi ya kuzipa alama mbaya barua za namna hiyo.

Yote mawili tumeyarekebisha. Mstari wa Date haufuati tena lugha ya mfumo. Tarehe ndani ya ankara inabaki ya Kiswahili kama mlivyozoea. Ankara za Machi na Mei ambazo hazijalipwa, zitumeni upya kutoka kwenye mfumo. Na kabla hujamkalia mtu kooni kwa deni, muulize kwanza kama ankara aliiona.