Barua ya wazi: Rudini mchukue udongo upya

Kwako Mheshimiwa Mkuu wa Mazingira wa kaunti yetu,

Salaam. Nimekuandikia mara tatu kupitia ofisini kwako, na mara tatu karani amenigongea mhuri wa "imepokelewa". Sasa naandika mbele ya watu.

Juzi nimeletewa majibu ya udongo wa uani kwangu: hakuna petroli. Mheshimiwa, kisima changu kinanuka petroli tangu masika. Wajukuu wakiogea maji yake wanawashwa mwili mzima. Nanunua mitungi sita ya mkokoteni kila siku, na faida yote ya mahamri yangu inaishia kwa muuza maji.

Vijana wako walipokuja nilikuwepo, na kabla ya kustaafu nilifanya kazi maabara miaka 19. Walifika saa saba mchana, jua la utosi. Wakachimba kwa jembe, wakaumwaga udongo juu ya gunia, wakauchanganya kwa mikono, wakautia kwenye mfuko wa nailoni na kuutupa nyuma ya gari. Nikawakataza pale pale. Mmoja akanijibu, "Mama, udongo ni udongo."

Si kweli! Kinachotafutwa ni benzeni na wenzake, kemikali zilizomo ndani ya petroli, nazo huruka hewani. Kila aliyewahi kunawa grisi kwa petroli anajua mikono inavyokauka upesi. Udongo wa kipimo hiki haukorogwi. Unachomolewa kwa kibomba kidogo, kama gramu 5, na papo hapo unaingia kwenye chupa ya mililita 40 yenye methanoli, dawa ya maji inayozishika kemikali hizo zisiruke, kifuniko kinakazwa, chupa inalazwa kwenye barafu, nyuzi 4 hivi. Hapo maabara ina siku 14 za kuupima. Bila dawa, hata ukiwa umefungwa usipate hewa na umepoozwa, ni saa 48 tu. Wetu ulikaa mfukoni siku tisa. Mlipima kilichobaki baada ya petroli kuondoka.

Mimi nashuku tangi la chini la kituo cha mafuta cha jirani, lililozikwa kabla kifungua mimba wangu hajazaliwa. Lakini hilo litasemwa na udongo, ukichukuliwa inavyopasa.

Kwenye baraza la Februari uliahidi kulisimamia jambo hili mwenyewe. Tulikupigia makofi. Benzeni huleta saratani ya damu, Mheshimiwa. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa mikrogramu 10 kwa lita ya maji ya kunywa. Wajukuu wangu wamekunywa kiasi gani? Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinawapa haki ya mazingira safi, nao hawajui hata kusoma.

Siombi fidia leo. Siombi kituo kifungwe. Naomba udongo uchukuliwe upya, kwa vibomba, chupa na barafu, nawe ukiwepo. Njooni alfajiri kabla jua halijapanda. Lango nitalifungua mwenyewe.

Wako,
Bibi mwenye kisima, nyuma ya kituo cha mafuta