Masega ya gari na masega ya nyuki

Najjembe, Januari

Ndugu yangu Idi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, mama watoto anakusalimu, na jua linawaka kama lile la kambini Jinja tulipokuwa tukikimbia peku kwenye lami. Barua yako nimeipata, kondakta aliniletea mwenyewe mpaka nyumbani. Nimefurahi sana kusikia gereji inakwenda. Lakini kuna mstari mmoja umeninyima usingizi: kwamba siku hizi wateja wanakuletea magari uyang'oe masega kwenye ekzosi, yale yenye vitundu ya kusafishia moshi, kwa sababu masega yana bei, na gari eti linapata nguvu.

Mimi nami naishi kwa masega, unajua. Mizinga yangu 14 ipo ukingoni mwa msitu wa Mabira. Nivumilie nikueleze jinsi masega yako yanavyoyagusa yangu.

Moshi mweusi wa matrela naujua, naufuta kwenye majani kwa kidole. Kinachonitisha hakionekani. Ndani ya injini joto ni kali mno, nitrojeni na oksijeni za hewa zinaungana na kutoka nje zikiwa gesi nyingine. Jua likiipiga gesi hiyo, nayo ikakutana na mvuke wa petroli ambayo haikuungua, inazaliwa ozoni. Ni ile ile tuliyofundishwa shuleni kuwa inatukinga na jua. Kule juu sana ni ngao, hapa chini tunapovuta pumzi ni sumu. Halafu kuna jambo lililoniuma zaidi: si lazima uwe mvuke wa petroli. Miti mingi ya msitu hutoa mvuke wake yenyewe, hasa kukiwa na joto, na huo nao unatosha. Barabara ya Kampala kwenda Jinja imepita katikati ya Mabira, Idi. Mti unatoa pumzi yake kama ulivyofanya siku zote, magari yanaleta kilichokuwa kinakosekana, na pumzi ile ile inarudi kuula.

Mwezi jana alikuja kijana anayesoma Makerere, ana kioo chake cha kukuzia. Aliinama kwenye maharage yangu, akachuma jani la chini, lile lililokomaa, akaniwekea kiganjani. Upande wa juu lilikuwa na vidoa vya kahawia, vidogo kama ncha ya sindano, vimejaa kati ya mishipa, lakini mishipa yenyewe imebaki kijani. Akaligeuza. Chini hakuna utando, hakuna utitiri. Akaniambia utitiri ndio wa kuutafuta kwanza, maana nao huacha madoa. Usipouona, na vidoa vikiwa juu tu na kwenye majani makuukuu, fikiria ozoni. Kuna aina ya tumbaku iitwayo Bel-W3 ambayo watafiti huipanda makusudi, kwa kuwa hutoka madoa haraka ozoni ikizidi.

Sumu hiyo inaingia kwa vile vitundu vya kupumulia vya jani. Mti ukivifunga ili ujikinge, unaikosa hewa unayotengenezea chakula. Ukiviacha wazi, unaunguzwa ndani. Ama hivi ama vile, unadumaa, na majani yake yanazeeka kabla ya siku zake. Mwaka 2024 watafiti walitoa hesabu ya misitu yote ya tropiki: ozoni inapunguza ukuaji wake wa kila mwaka kwa wastani wa asilimia 5.1. Usiione ndogo. Mvule unachukua miaka mingapi kufikia unene wa kukumbatiwa na watu wawili?

Sasa nyuki. Nyuki anatoka mzingani akifuata harufu ya ua, na ozoni inaivunjavunja harufu hiyo hewani kabla haijafika mbali. Ua lipo, asali ipo, njia haipo. Kule Uingereza, Chuo Kikuu cha Reading walipuliza moshi wa dizeli na ozoni kwenye haradali iliyopandwa shambani, kwa viwango visivyovuka hata vile vinavyoruhusiwa kisheria, wadudu wachavushaji wakapungua kwa hadi asilimia 70. Nilipolisikia hilo nilikwenda nikakaa kimya karibu na mizinga mpaka magharibi. Miti mingi humu haizai bila mdudu, na isipozaa, hondohondo na kima watakula nini? Ndege wenyewe mapafu yao ni mepesi kudhurika. Marekani walikadiria, mwaka 2020, kwamba kuidhibiti ozoni kwa miaka 40 kuliokoa ndege bilioni 1.5.

Turudi gerejini kwako. Hayo masega yana bei kwa sababu yamepakwa madini ya platini, paladi na rodi. Rodi ndiyo inayoirudisha ile gesi ya injini inayozaa ozoni kuwa nitrojeni na oksijeni tu, wenzake wanamalizia kuunguza petroli iliyobaki. Ukiyang'oa, gari linatema yote mabichi. Na habari ya nguvu wewe fundi unaijua kuliko mimi: masega yakiziba, mara nyingi ugonjwa uko mbele yake, plagi haichomi sawasawa au injini inakula oili. Mtibu mgonjwa, ndugu yangu, usimkate pua.

Najua ada ya shule inakukaba, na anayekataa kazi Kampala jirani yake anaichukua. Sikulaumu. Lakini tumekula sahani moja tangu utotoni, ningemwambia nani kama si wewe? Nakuomba uanze na ile teksi uliyosema italetwa wiki ijayo. Mwambie mwenyewe utaisafisha plagi na kuikagua oili kwanza, akuone ulivyo fundi.

Asali ya msimu huu ni kidogo, ila ya kwako nimeitenga, lita mbili. Nitampa kondakta yule yule Ijumaa. Msalimie Mama Swaleh na watoto.

Ndugu yako,
Yasini