Aliyedhuriwa na chakula asitupe pakiti

Kwa Mhariri,

Kila zinapochapishwa habari za chakula kilichochafuliwa, kama unga wa mahindi uliopigwa marufuku mwaka 2019 kwa sababu ya sumukuvu, mjadala huishia kwenye leseni ya kiwanda. Fidia ya mlaji haitajwi, ilhali Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya kinampa haki hiyo.

Kesi nyingi huharibikia jikoni. Pakiti hutupwa, na nambari ya bechi, inayoonyesha kundi la bidhaa ilimotoka pakiti hiyo, huenda nayo. Mabaki yafungwe kwenye mfuko safi, yawekwe kwenye friji. Risiti ipigwe picha, maana wino wake hufifia upesi. Hospitalini, hali ikiruhusu, sampuli ya kinyesi ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza ya antibiotiki. La sivyo maabara huenda isione kijidudu chochote, na wakili wa kiwanda atadai uliugua kwa kula mutura, soseji ya kienyeji, njiani.

Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai ya kuumia yasiyozidi Sh1 milioni, hata bila wakili. Napendekeza maafisa wa afya wa kaunti wachukue sampuli ya chakula siku ileile mgonjwa anaporipoti, na wampe nakala ya matokeo.

Msomaji,
Nakuru